Kitufe Nilichokibandika Plasta

Kamera yangu inapiga video. Naanza na hilo kwa sababu watu hupenda kuninong'oneza kana kwamba sijui. "Madam, unajua hii kitu yako iko na video?" Najua. Siku niliyoinunua nilisoma kijitabu chake cha maelezo mwanzo hadi mwisho, nikakitafuta kitufe chenye alama nyekundu, nikakipata. Kisha nikachukua plasta, ile ya kubandika kwenye kidonda, nikakifunika. Plasta ya kwanza ilichakaa kwa jasho na mvua, nikaweka nyingine, na nyingine tena. Wanaoiona hudhani kamera imevunjika. Huwa nawaacha waendelee kudhani.

Studio yangu iko Mosocho, nje kidogo ya mji wa Kisii, katikati ya duka la mbolea na kinyozi mwenye redio ya kelele. Hapo ndani napiga picha za pasipoti na za watoto waliovishwa nguo mpya. Lakini kazi inayolisha nyumba yangu iko nje: harusi, mahafali, na kuliko zote, mazishi. Nimezunguka na kamera hii shingoni kutoka Ogembo hadi ndani kabisa ya Nyamira, nyuma ya pikipiki, printa ndogo nimeipakata mapajani kama mtoto mgonjwa.

Tuna kundi la wapiga picha kwenye simu, na swali hilo halikosi kuzuka: nani kati yetu anatumia video ya kamera ya picha? Mmoja atasema yeye hurekodi kidogo tu, bibi harusi akiingia kanisani. Mwingine atasema hajapiga picha tulivu tangu anunue ule mkono wa kutuliza kamera, na kwamba wateja wa sasa hawataki kitu kisichotembea. Mwingine atalalamika kuwa kamera inachemka kama sufuria. Siku moja nilichoka, nikawatumia picha ya plasta yangu. Walicheka wiki nzima. Mmoja aliuliza kamera imelazwa hospitali gani ili waende kuitazama.

Sababu za kumpa mteja mwenye haraka ninazo: betri inaisha, kadi inajaa, kamera inapata joto. Zote ni za kweli na hakuna hata moja iliyo yangu. Sababu yangu ni mazishi ya baba.

Baba alilima chai karibu na Ikonge, na mama yangu alikuwa mke wake wa pili. Huku kwetu, kabla jeneza halijapelekwa kaburini, mwendesha ratiba huita watu waje kupigwa picha nalo. Anawaita kwa makundi: wajane, watoto, wajukuu, wakwe, ndugu, watu wa kanisa. Ukiitwa, unatoka kwenye hema watu wote wakikutazama, unasimama kando ya jeneza, na kuanzia hapo hakuna wa kuuliza wewe ulikuwa nani kwa marehemu. Wageni hudhani tunapenda picha kupita kiasi, hadi na maiti. Hawaelewi kwamba pale watu wanahesabiwa.

Siku ya baba hakuna aliyeitwa. Kaka zangu wa nyumba kubwa, ya mke wa kwanza, walikuwa wameleta mtu wa video kutoka mjini, na kila aliyeuliza habari za picha aliambiwa, "Hakuna haja, video inachukua kila kitu." Nilikuwa nimevaa sweta ya shule, nimesimama na mama karibu na migomba, tukingoja kuitwa. Jeneza likabebwa, likapita mbele yetu. Baadaye niliiona hiyo video kwa mjomba. Ilikuwa ndefu, yenye nyimbo, yenye maua yanayoruka kwenye kioo. Mama yangu hayumo. Mimi nimo: kiwiko changu, ndani ya sweta ya shule, kinaonekana pembeni mtu wa video anapogeuka, kisha kinatoka.

Tulipokuja kuzungumzia shamba, mmoja wa kaka zangu alisema, bila hata kuona haya, "Kwani siku ya mazishi mlikuwepo? Tuonyesheni." Tukahama, mama akapanga chumba Mosocho, na mimi nikajifunza kazi hii. Sijawahi kusamehe ile video. Sina mpango wa kuisamehe.

Basi akaja studioni mwanamume mmoja kutoka upande wa Ogembo, kifungua mimba wa mzee aliyekuwa amefariki wiki hiyo. Alikuwa na adabu. Alikataa kiti, kisha akakikubali, akaniambia anataka video tu, picha hapana.

"Sipigi video," nikamwambia.

"Lakini kamera iko nayo."

"Iko nayo."

Alitazama plasta. Akasema picha zinachelewesha watu, mvua siku hizi haina saa, na pasta hataki mambo marefu. Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mtu anayekuja kwa habari ya mazishi, maana lazima nijue nitapanga nani wapi.

"Mzee alikuwa na wake wangapi?"

"Mmoja," akasema. "Yule wa kanisa."

"Na huyo mwingine?"

"Nani amekuambia kuna mwingine?"

"Wewe, sasa hivi."

Hakukasirika. Nadhani alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka husema ukweli ili apumzike. Alinieleza kuwa yuko mwanamke ana nyumba huko chini, karibu na mto, amekaa na baba yake miaka mingi, ana binti. Baada ya mazishi wangekaa kama ndugu waangalie mambo yake. "Madam, nikuambie wazi," akasema. "Huyo mama akipigwa picha kwa jeneza, hatutaweza kumtoa kwa hiyo shamba. Atazunguka nayo kwa chifu, kwa kila mahali."

"Basi tafuta mtu wa video."

"Ningetafuta. Mama amesema ni wewe tu."

Mama yake, mke mkubwa, nilimjua. Nilikuwa nimempiga picha kwenye harusi ya binti yake, mwanamke mrefu asiyecheka, ambaye watu wote walimwita omong'ina, yaani mama mzee, hata wale waliomzidi umri. Siku ile ya harusi alinirudisha nimpige picha upya kwa sababu shali yake ilikuwa imekaa upande. Kumbe alikuwa ameipenda kazi yangu. Pale studioni kijana wake akasema basi, nije nipige hizo picha, yeye mwenyewe atarekodi video kwa simu, lakini wajane nisiwaite. Nikamwambia nitakuja. Hayo mengine sikuyajibu.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu. Boma lilikuwa mteremkoni, chai juu, migomba chini, na hema zilikuwa zimefungwa kwa kamba hadi kwenye miti ya uani. Kwaya ya kanisa ilikuwa imeimba mpaka sauti zimekauka. Omong'ina alikuwa kiti cha mbele kabisa, shali imenyooka. Yule mwingine nilimtafuta kwa macho kwenye hema zote, sikumwona. Nilimpata jikoni, nyuma ya nyumba, kati ya wanawake waliokuwa wakimenya ndizi na kuchochea moto tangu alfajiri. Alikuwa amejifunga leso kiunoni kama wote. Nilimtambua kwa viatu. Alikuwa amevaa viatu vizuri vya ngozi, vya kutokea, ndani ya matope ya jikoni. Mtu havai viatu kama hivyo kwenda kumenya ndizi. Alikuwa amekuja tayari, endapo mtu angemwita.

Nilirudi hemani, na hasira niliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, ya kwangu, ya sweta ya shule.

Wasifu ukasomwa. Ulisema marehemu ameacha mjane mmoja. Kisha mwendesha ratiba akanipa kipaza sauti, akasema kwa mzaha, "Sasa madam wa picha achukue usukani, lakini haraka haraka, mvua imefika Kisii inauliza njia." Watu wakacheka. Kwa kawaida ninaanza na wajane. Siku hiyo niliwaweka mwisho. Niliwaita watoto, wakaja, nikawapanga. Niliwaita wajukuu, wakwe, ndugu za marehemu, wazee wa kanisa. Kila kundi nikawapiga vizuri, kila uso nikauona. Yule kifungua mimba alikuwa nyuma yangu, simu juu, anarekodi.

"Wake wa marehemu," nikasema kwenye kipaza sauti. "Wote wawili."

Omong'ina akanyanyuka polepole, akaenda akasimama upande wa kichwa cha jeneza, akatazama mbele. Hakuonyesha kama amesikia mimi nimesema wangapi.

"Ni mmoja tu, madam," kijana akasema nyuma yangu. "Piga."

Nikaishusha kamera kifuani.

"Madam, piga!"

"Kamera yangu haipigi nusu," nikasema. Kipaza sauti kilikuwa bado kiko wazi, kwa hiyo aliyekuwa barabarani pia alisikia.

Hapa ndipo nataka wenzangu wa lile kundi la simu wanisikilize vizuri. Video haimngoji mtu. Inapita, inageuka, inachukua inachotaka na kuacha inachotaka, na anayeachwa hajui kama ameachwa mpaka siku ya kutazama. Picha tulivu inasimamisha watu. Mpiga picha asipobonyeza, pasta anangoja, kwaya inangoja, kaburi linangoja, na katika kungoja huko kila mmoja anaanza kuangalia pengo liko wapi. Hiyo ndiyo nguvu pekee niliyo nayo duniani, na sitaibadilisha kwa maua yanayoruka kwenye kioo.

Niliogopa lakini. Pasta alikohoa. Matone ya kwanza yakagonga turubai. Kuna mzee mmoja alisema kwa sauti kwamba wanawake wa mjini wameharibika, na nikajua ni mimi. Nikaendelea kusimama, kamera kifuani.

Akatoka jikoni. Sijui nani alimwambia, labda alikuwa anasikia muda wote. Alifungua leso kiunoni huku anatembea, akampa mwanamke mwingine kisu, akapita katikati ya viti na vile viatu vyake vyenye matope. Hakulia. Alifika akasimama miguuni mwa jeneza, mbali, mikono imeshikana mbele, kama mtu aliyeingia ofisini bila kuambiwa karibu.

"Mama, mwambie," kijana akasema.

Watu wote wakamgeukia omong'ina. Yeye alimtazama mke mwenzake kuanzia kichwani, akashuka mpaka kwenye viatu, akapanda tena. Nilidhani atamfukuza. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno yangu.

"Mbona unasimama huko miguuni kama mgeni?" akasema kwa Ekegusii, lugha yetu, kwa sauti yake ile kavu. "Zunguka uje upande huu. Unaharibu picha."

Mtu mmoja alicheka, kisha watu wakacheka hema nzima, mazishini, mbele ya pasta. Yule mwingine akazunguka. Hawakushikana mikono wala hawakutazamana, na sidhani kama walipendana siku hiyo au nyingine yoyote. Omong'ina alinyoosha shali yake. Mimi nikabonyeza. Nikabonyeza tena, ya pili kwa ajili ya mama yangu.

Kijana alinijia kabla sijaishusha kamera. "Hiyo futa."

"Siwezi."

"Huwezi ama hutaki?"

"Sitaki."

Sikumngoja. Nilikwenda chini ya ukingo wa paa nilikoiweka printa, nikachapa, na jeneza likiwa bado halijashushwa, omong'ina alikuwa na nakala yake na mke mwenzake alikuwa na yake. Omong'ina aliishika mbali na macho, akaichunguza, akasema shali imekaa. Yule mwingine hakuitazama kabisa. Aliiingiza ndani ya blauzi, akajifunga leso, akarudi jikoni kupakua chakula cha watu.

Kijana alilipiza kisasi. Kipande cha video yake kilizunguka kwenye simu za watu, kikiwa na maneno kwamba mpiga picha mwenye kiburi amevuruga mazishi Ogembo. Nilikitazama. Niko pale na kipaza sauti, uso umekunjamana, nasema kamera yangu haipigi nusu. Kinaishia hapo hapo. Alikuwa amekata kabla yule mama hajatoka jikoni, kabla mama yake mwenyewe hajafungua mdomo. Anayekitazama ataamini nilisimamisha mazishi ya watu kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Kwenye lile kundi letu walinicheka tena, wengine kwa huruma. Mmoja aliandika kwamba hata picha siku hizi mtu anafutwa kwa kidole, kwa hiyo ubishi wangu umepitwa na wakati. Nilimjibu: afute ya kwenye simu yake. Ile iliyochapwa iko ndani ya blauzi ya mwenyewe, na ukitaka kumtoa mtu ndani ya picha hiyo utahitaji mkasi, na mkasi unaacha tundu. Kuna kanisa moja halijaniita tena tangu hapo. Kuna familia nyingine zinaniita kwa sababu hiyo hiyo, na sihitaji kuuliza kwa nini.

Msimu wa mvua ulipita, ukaja mwingine. Kisha nikapigiwa simu na sauti nisiyoijua vizuri.

"Madam wa picha? Ni mimi wa Ogembo. Ile picha nataka kubwa. Ya ukuta."

Niliitengeneza kwa fremu nzito, nikaifunga kwa gunia, nikapanda pikipiki. Nyumba yake ilikuwa pale pale, chini, karibu na mto, na mbele yake alikuwa amepanda migomba mipya. Aliniambia mambo yalivyokwenda wakati tukinywa chai. Ndugu waliitisha kikao kwa chifu, yeye akaweka picha mezani, na chifu akamuuliza omong'ina kama anamfahamu mwanamke huyu aliyesimama naye. Omong'ina akajibu kuwa yeye si kipofu. Kikao hakikuendelea sana baada ya hapo.

"Sasa hata yeye ametuacha," akasema. "Umesikia?"

Sikuwa nimesikia. Omong'ina alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia, na kwa mazishi hayo hawakuniita. Nilihisi uchungu wa kweli, kwa mtu aliyezungumza nami labda mara mbili.

Tukaipachika picha ukutani, juu ya kabati la vyombo. Alirudi nyuma hadi mlangoni kuitazama. Wawili hao walikuwa pale kando ya jeneza, mmoja na shali yake, mwingine na viatu vyake. Akaniuliza bila kunigeukia.

"Madam, siku hiyo hukuchukua video hata kidogo?"

"Sikuchukua."

"Hata kidogo tu? Nilitaka kusikia ile sauti yake. Vile aliniambia naharibu picha. Ile ya kijana nimetafuta, imekatwa."

Kamera ilikuwa shingoni mwangu na plasta yake. Ningeweza kumpa zile habari za betri, kadi na joto. Ningeweza pia kumwomba msamaha, na sikuwa na msamaha wa kuomba, kwa sababu kama ningekuwa narekodi nisingekuwa nimeshusha kamera, na kama nisingeshusha kamera yeye angekuwa bado jikoni. Lakini aliyekuwa mbele yangu alitaka sauti, na mimi sauti sikuwa nayo.

"Sina," nikamwambia. "Na nikirudishwa siku ile, bado sitakuwa nayo."

Nikavua kamera, nikaiweka juu ya meza. Nikaenda nikasimama kando ya fremu, nikajinyoosha niwe mrefu, nikavuta bega kama mtu anayenyoosha shali, nikamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu.

"Mbona unasimama huko mlangoni kama mgeni?" nikasema kwa Ekegusii, kwa ukavu wote nilioweza. "Zunguka uje upande huu. Unaharibu picha."

Alicheka mpaka akakaa chini, akafuta macho kwa leso.

"Hakusema mlangoni," akasema. "Alisema miguuni. Sema tena."

Nikasema tena.